Tathmini ya Resonance FM: Muziki wa Majaribio kwa Msikilizaji Aliye Mbali na London

Resonance FM ni kituo kidogo cha redio cha London kinachorusha matangazo katika masafa ya 104.4 FM, na sisi tulio nje ya mji huo tunakipata bure kwa njia ya intaneti. Kilianza kama jaribio la muda mfupi mwaka 1998, wakati wa tamasha la muziki la Meltdown ambalo mwaka huo lilisimamiwa na mtangazaji John Peel, kisha kikaingia hewani kwa kudumu tarehe 1 Mei 2002. Waliokiasisi ni London Musicians' Collective, chama cha wanamuziki ambao wengi wao walikuwa wakipiga muziki wa papo kwa papo, usioandikwa wala kufanyiwa mazoezi, na mpaka leo kinaendeshwa kama shirika la hisani ambalo watangazaji wake wengi hujitolea. Nakitathmini hapa kwa swali moja tu: je, mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa okestra, anaweza kuingia katika muziki wa klasiki wa kisasa na muziki wa majaribio kwa kukisikiliza kituo hiki? Jibu langu ni kwamba anaweza, ila ajue mapema kuwa hapa habembelezwi, na kwamba kwa wiki za mwanzo atahitaji msaada wa kituo kingine.

Kwanza nieleze ni muziki gani ninaouzungumzia. Ni ule uliotungwa takriban tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia na watu ambao baadhi yao walisomea utunzi wa okestra na wengine hawakusomea chochote, ambao kwao mlio wa treni, mkwaruzo wa santuri, mvumo wa umeme na hata kimya chenyewe vina haki sawa na sauti ya fidla. Hauna lazima ya kuwa na mdundo, wala kiitikio, wala kuishia pale sikio linapotarajia. Msikilizaji mgeni hudhani redio imepoteza mawimbi, na simlaumu hata kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya muziki huu ilizaliwa katika vyumba vya redio na mafundi mitambo ndio waliokuwa wakunga wake.

Kisa cha kwanza ninachopenda kukitaja ni cha Afrika. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, kijana wa Cairo aliyesomea kilimo, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka katika ofisi za redio ya mjini humo, akaenda kurekodi zaar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo, ambayo watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa sana ni kitu cha namna gani. Aliporudi studio hakuridhika kuihifadhi ngoma ile kama ilivyokuwa. Aliipitisha katika chumba cha mwangwi, akaondoa sehemu za sauti, akairekodi upya mpaka maneno yakapotea na kubaki mvumo wa sauti za wanawake kama zinatoka chini ya maji. Miaka minne baadaye, tarehe 5 Oktoba 1948, redio ya Ufaransa ilirusha vipande vya mhandisi wake Pierre Schaeffer, kimojawapo kikiwa kimeundwa kwa sauti za vichwa vya treni alizozirekodi katika stesheni ya Batignolles jijini Paris. Kituo cha Cologne nchini Ujerumani kilianzisha studio yake ya muziki wa elektroniki mwaka 1951, na RAI, shirika la utangazaji la Italia, ikafungua ya kwake Milan mwaka 1955. Vyumba hivyo vilikuwa na mitambo ambayo mwanamuziki wa kawaida asingeweza kuinunua, na fedha za kuiendesha zilitoka katika mifuko ya redio za umma.

Ndiyo maana naona kuusikiliza muziki huu redioni ni kuukuta nyumbani kwao. Lakini nyumba hiyo nayo ina hila zake. Chukua mfano wa kipande *Gesang der Jünglinge* cha mtunzi Mjerumani Karlheinz Stockhausen, kilichopigwa kwa mara ya kwanza Cologne tarehe 30 Mei 1956. Maneno yake yametoka katika Danieli sura ya 3, katika ule wimbo wa vijana watatu waliotupwa ndani ya tanuru, yaani Shadraka, Meshaki na Abednego, wimbo ambao wasomaji wa Biblia za Kikatoliki wanaufahamu vizuri. Anayeimba ni mtoto wa kiume wa miaka 12, na sauti yake imekatwakatwa, imepandishwa juu ya nyingine na kuchanganywa na milio ya umeme hivi kwamba mara neno linasikika wazi, mara linayeyuka na kuwa cheche tupu. Stockhausen alikipanga kwa makundi matano ya spika, sauti ikihama kutoka kundi moja kwenda jingine. Redio ya stirio inakupa pande mbili, na spika ya simu inakupa tundu moja. Nilipokisikiliza kwa spika ya simu nilisikia kelele. Nilipovaa spika za masikioni nikamsikia mtoto akisogea, sasa yuko kushoto na karibu, sasa yuko mbali na peke yake, na moto uko kila mahali. Yeyote anayetaka kuhukumu muziki huu asiuhukumu kwa spika ya simu.

Sasa nirudi kwa Resonance yenyewe. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba si kituo cha muziki mtupu. Katika historia yake kimerusha vipindi vya baiskeli, vya siasa, vya filamu, vya mashairi, na kumekuwa na kipindi kinachoitwa Clear Spot ambacho ni nafasi iliyoachwa wazi ili leo aingie huyu na kesho yule. Kwa hiyo ukifungua bila ratiba unaweza kukuta wazee wawili wanabishana kuhusu bustani, na dakika chache baadaye ukakuta mtu anasugua upinde wa fidla juu ya bati. Mimi mchanganyiko huo naupenda, kwa sababu baada ya saa nzima ya mazungumzo sikio linakuwa limeshaingia katika hali ya kusikiliza maana, na muziki mgeni unapoingia unasikilizwa kwa makini yaleyale. Asiyekuwa na subira ya mazungumzo ya Kiingereza cha London aende kwenye idhaa dada, Resonance Extra, iliyoanza mwaka 2015 na ambayo imejikita zaidi katika sanaa ya sauti na muziki wa majaribio. Kwa lengo la tathmini hii, Extra ndiyo inayofaa zaidi kuachwa wazi jioni nzima.

Ndani ya Resonance yenyewe, kipindi ambacho ningemwelekeza mtu yeyote kuanza nacho ni Framework. Kilianza Resonance mwaka 2002 chini ya Patrick McGinley, na baadaye kikasambaa kwenye vituo vingine vya nchi mbalimbali. Kinashughulika na sauti za mazingira zilizorekodiwa nje ya studio: bandari, misitu, barafu inayopasuka, soko, nyaya za umeme zikivuma kwa upepo. Utangulizi wake hauko katika sauti ya mtangazaji. Husomwa na msikilizaji mmoja kutoka popote duniani, aliyejirekodi akitaja jina la kipindi na kutualika kufungua masikio, huku nyuma yake zikisikika sauti za mahali aliposimama. Mara nyingi hizo sauti za nyuma ndizo zinazonishika kuliko maneno. Baada ya hapo huja mwendo mrefu usio na maelezo, rekodi moja ikiingia ndani ya nyingine taratibu, na majina hutajwa mwishoni.

Nakipendekeza kwa sababu hakihitaji elimu ya muziki. Kila mtu aliyewahi kulala kijijini anajua usiku una tabaka: vyura chini, nyenje juu yao, mbwa wa mbali, na kitu kingine ambacho hakina jina. Framework inamfanya msikilizaji azisikie tabaka hizo kama mtunzi anavyozisikia, na akishaweza hilo, kipande cha okestra kisicho na wimbo kama *Atmosphères* cha mtunzi György Ligeti, kilichopigwa mara ya kwanza Donaueschingen mwaka 1961 na okestra ya redio ya kusini-magharibi mwa Ujerumani, hakitamtisha tena. Mle ndani pia sauti zinalala juu ya sauti, na hakuna anayekimbilia popote.

Kipo pia kitu kingine katika Resonance ambacho wapenzi wa redio watakithamini. Kituo hiki ni miongoni mwa vituo vya mtandao wa Radia, ulioundwa mwaka 2005, ambao wanachama wake hupokezana kutengeneza vipande vya sanaa ya redio vya dakika 28, na kila kituo hurusha vya wenzake. Ubora wake unapanda na kushuka. Wiki moja unapata kitu kilichofikiriwa kwa kina, wiki nyingine unapata mtu aliyependezwa mno na mlio wa jokofu lake. Dakika 28 hata hivyo si nyingi, na udogo huo umewafaa wengi wao.

Faida kubwa ya redio kwa muziki wa aina hii, na hapa nazungumzia redio yoyote iliyo makini, ni kwamba haimpi msikilizaji kidole cha kuruka. Kwenye programu za simu, sekunde kumi za sauti ngeni zinatosha kumfanya mtu abonyeze wimbo unaofuata. Redioni hujui kipande kitaisha lini wala kinachofuata ni nini, na ukizima umezima vyote, kwa hiyo unabaki. Vipo vipande virefu ambavyo nisingevivumilia kwa dakika mbili kama ningekuwa nimevichagua mwenyewe, na nimevisikiliza hadi mwisho kwa sababu hiyo tu. Baadhi sikuvipenda hata baada ya kumalizika, lakini sasa naweza kusema kwa nini.

Redio ya biashara haiwezi kufanya hivyo, kwani inaogopa kimya. Hata redio za umma zina mitambo inayodhani kimya ni hitilafu. Januari 2004, Okestra ya BBC ilipopiga *4'33"* ya mtunzi Mmarekani John Cage katika ukumbi wa Barbican, kipande ambacho wapigaji hawapigi noti yoyote, BBC Radio 3 ililazimika kwanza kuzima mtambo wake wa dharura ambao huingiza muziki wenyewe pale unapohisi ukimya hewani. Cage huyohuyo mwaka 1951 alikuwa ametunga kipande kwa redio 12 na wapigaji 24, mmoja akizungusha kitufe cha masafa na mwenzake kitufe cha sauti, na kilipopigwa New York ilikuwa usiku umekwenda mno hivi kwamba vituo vingi vilikuwa vimeshafunga. Msomaji aliyewahi kuzungusha redio ya mawimbi mafupi akitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC au Deutsche Welle, akipita katikati ya miluzi, lugha asizozijua na mlio wa simu za upepo, ameshausikia muziki huo. Hakuambiwa tu kwamba unaweza kuketiwa na kusikilizwa.

Upungufu mkubwa wa Resonance, kwa anayeanza, ni uhaba wa maelezo. Vipindi vingi vimetengenezwa na wasanii kwa ajili ya wasanii wenzao, na mara nyingi mtu anasikia kitu kizuri bila kujua ni cha nani, kilirekodiwa wapi, na kwa nini kilifanywa hivyo. Wapo wanaosema huo ndio usikivu halisi. Sikubaliani nao kikamilifu. Msikilizaji wa mwanzo anahitaji mtu wa kumwambia, kwa sentensi mbili, kwamba sauti anayokwenda kuisikia ni ya piano iliyopachikwa skrubu na vipande vya mpira kati ya nyuzi zake, kwa kuwa akishajua hilo huacha kujiuliza ni chombo gani na kuanza kusikiliza.

Kwa kazi hiyo, BBC Radio 3 inaishinda Resonance. Kipindi chake cha New Music Show, ambacho Tom Service na Kate Molleson wamekitangaza kwa miaka kadhaa, kinafanya hasa kile ninachokidai: kinamtambulisha mtunzi, wakati mwingine kinamhoji mwenyewe, kisha kinakiacha kipande kiende mpaka mwisho bila kuingiliwa. Hupeleka hewani pia maonesho yaliyorekodiwa katika tamasha la Huddersfield, ambalo limekuwapo tangu 1978 na hufanyika kila Novemba. Kate Molleson ana namna ya kuuliza maswali mafupi na kunyamaza, tabia adimu kwa watangazaji wa nchi yoyote. Kwa bahati mbaya, BBC ilibadilisha mwaka 2025 utaratibu wa wasikilizaji walio nje ya Uingereza, na programu yake ya BBC Sounds ikafungwa kwetu, kwa hiyo kurudia kipindi kilichopita si rahisi kama zamani. Isitoshe, nafasi ya muziki huu ndani ya Radio 3 haina uhakika. Late Junction, kipindi cha usiku kilichoanza 1999 na kuchanganya kila aina ya muziki, kilikuwa kikisikika siku tatu kwa wiki hadi 2019, kisha kikapunguzwa kuwa siku moja, licha ya malalamiko ya wanamuziki wengi.

NTS, redio ya mtandaoni iliyoanzishwa na Femi Adeyemi katika mtaa wa Dalston mwaka 2011, nayo inastahili neno moja. Ina idhaa mbili, haina matangazo ya biashara, na inaweka orodha ya vipande vilivyopigwa, jambo linalosaidia sana. Miongoni mwa mikondo yake isiyo na mwisho upo mmoja uitwao Sheet Music, wa muziki wa watunzi wa klasiki na wa kisasa. Ni mzuri kwa mtu anayefanya kazi mezani, lakini kwa kuwa umechaguliwa kwa ladha moja laini, haukukwaruzi kamwe, na muziki huu usipokukwaruza kidogo umeupata nusu.

Ningependa mtu wa huku asiuone muziki huu kuwa wa Wazungu peke yao, kwa sababu si kweli. Justinian Tamusuza wa Uganda alitunga kwa ajili ya Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapigaji wanne wa ala za nyuzi, na kazi yake imo katika albamu ya *Pieces of Africa* ya mwaka 1992. Ukiisikiliza kwa makini unasikia fidla zikigawana noti kama wapigaji wa amadinda, marimba ya Kiganda, wanavyogawana. KMRU wa Nairobi, mjukuu wa mwanamuziki maarufu Joseph Kamaru na mwenye jina lilelile la babu yake, anatunga kwa sauti za mazingira, na albamu yake ya *Peel* ya mwaka 2020 ilitolewa na Editions Mego, kampuni inayoheshimika sana katika fani hii. Singeli ya Dar es Salaam nayo ilifika katika masikio ya wapenzi wa muziki wa majaribio Ulaya kupitia *Sounds of Sisso*, mkusanyo uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Inachekesha kidogo kwamba kijana wa Manzese anaweza kuwa anapigwa usiku katika redio ya London pamoja na Stockhausen, wakati jirani yake anauona muziki wake kuwa wa vigodoro tu. Vituo vyetu vina wataalamu wa sauti wa kutosha kuandaa walau saa moja kwa wiki ya kazi za namna hii, na gharama yake haiwezi kuwa kubwa.

Kuhusu gharama ya msikilizaji, mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa, kwa hiyo jioni ya saa mbili inakaribia MB 120. Si kidogo kwa anayenunua kifurushi cha siku, ila ni kidogo mno kuliko video. Mahali nilipo mtandao wa simu hulegea mapema usiku na sauti hukatika, na katika muziki huu kukatika ni balaa la pekee, kwa kuwa hujui kama ni mtunzi amenyamaza au ni mnara umezidiwa. Nimeona usiku mwingi unafaa zaidi. Kipindi kinachorushwa London saa mbili usiku kinafika Dar es Salaam na Mombasa saa tano usiku wakati wa baridi yao, na saa nne wanaposogeza saa zao mbele kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba. Msahau hilo atajikuta amekosa nusu ya kipindi.

Ushauri wangu kwa mgeni ni huu: aanze na kipindi chenye mtangazaji anayeeleza, mpaka majina matano au sita yamkae kichwani, kisha ahamie Framework, na baada ya hapo aiache Resonance Extra ijiendee yenyewe huku yeye akiwa amevaa spika za masikioni na hana kazi nyingine mkononi. Anayetafuta muziki wa kumsindikiza jikoni au kwenye foleni asijisumbue nayo, kwani sauti za chini kabisa humezwa na injini na zile za juu humkera abiria mwenzake. Kwa anayeweza kutenga saa moja ya usiku, Resonance ni huduma ya bure yenye thamani kubwa, na kwa kuwa inategemea michango ya wasikilizaji, anayeimudu michango hiyo aifikirie.